Lebo ya Ndege Si Msahafu

Wajukuu zangu wa Bariadi, ninyi mnaosomea viumbe chuoni, nasikia mnatamani siku moja kufungua droo za makumbusho ya Berlin na ya Tring kule Uingereza, walikohifadhiwa ndege waliochukuliwa Afrika Mashariki tangu enzi za wakoloni. Nendeni. Ila mtakapomshika ndege mkavu aliyejazwa pamba, lebo imefungwa mguuni kwa uzi, msiyakubali maandishi yale kwa sababu tu ni ya kale na aliyeyaandika alikuwa mkubwa.

Mjue habari za Richard Meinertzhagen. Ni afisa yule yule wa Kiingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905, walipokutana kuzungumzia amani. Huyo huyo alisifika duniani kwa kukusanya ndege. Alifariki 1967, na miaka mingi baadaye ikathibitika kwamba aliiba ndege kwenye makumbusho akawafunga lebo mpya, zenye mahali na tarehe za uongo. Mtafiti wa ndege Pamela Rasmussen na wenzake walimnasa kwa mshono: kila mkusanyaji ana namna yake ya kushona na kujaza pamba, na eksirei ilionyesha kazi ya mtu mwingine. Bundi ambaye Meinertzhagen alidai kumpata Gujarat, India, mwaka 1914, kumbe alikusanywa na James Davidson miaka ya 1880. Rasmussen akaitupilia mbali habari ile, akatafuta kule zilikoelekeza lebo za kweli, na Novemba 1997 bundi wa aina hiyo, ambaye hakuna aliyemwona kwa hakika kwa zaidi ya miaka 100 akapatikana hai.

Lakini si kila kosa ni wizi. Hondohondo mdogo wa Ruaha, mwenye mdomo mwekundu, alihesabiwa kuwa aina moja na wenzake wa kaskazini mpaka watafiti Kemp na Delport walipompa jina lake mwaka 2002. Ngozi inayozunguka jicho lake ni nyeusi, na jicho ni la manjano hafifu. Ndege akishakaushwa, jicho halipo tena na rangi ya ngozi imefifia. Mambo hayo anayajua anayemwona juu ya mti, hata awe mtoto anayechunga ng'ombe.

Na mahali je? Lebo ya mwaka 1980 iliyoandikwa "Shinyanga" yaweza kuwa ya ndege wa hapa Bariadi, wa Maswa au wa Meatu, kwa kuwa sehemu hizo zilikuwa Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa 2012. Asiyelijua hilo atamchora ndege wetu kwenye ramani mbali na kwao. Ninyi mnalijua, kwa hiyo semeni.

Kuuliza si utovu wa adabu, wanangu, ila msibadilishe jina kwa kukisia. Lebo ya zamani iacheni mguuni hata kama ni ya uongo. Fungeni yenu kando yake, muandike jina mnaloona ni sahihi, tarehe, na sababu yenu.