Habari Iliyo Njiani
Jumapili, 21 Februari 2021. Somo: Yohana 4:46–53



Ijumaa asubuhi kwa matatu ya Kawangware, tukiwa kwa jam ya Valley Road, abiria walibishana juu ya ile roboti ya Wamarekani, Perseverance, iliyotua sayari ya Mirihi usiku wa Alhamisi. Mmoja anasema ni video ya studio. Mama mmoja anasema ni mnara wa Babeli huo. Kijana wa nyuma anauliza, zaidi ya dola bilioni 2, na watu wanalala njaa? Mimi nilisomea biashara, swali hilo siwezi kulicheka. Lakini usiku ule, kafyu imetufungia ndani, niliangalia mwenyewe, na kuna jambo lingine lilininyima usingizi.

Chombo kilichukua kama dakika 7 kushuka. Ishara yake ya redio ilihitaji zaidi ya dakika 11 kufika duniani. Hebu piga hesabu. Mainjinia kule California walipopata habari kwamba kinaanza kushuka, kilikuwa tayari kiko chini. Wameketi na barakoa zao, roho mkononi, wakingoja kitu ambacho kimekwisha kutendeka! Saa 5:55 usiku kwetu, habari ikafika. Wakaruka.

Sasa mtazame ofisa wa mfalme. Mtoto yuko Kapernaumu anakufa, Yesu yuko Kana. Bwana hakwenda naye, alimpa neno tu. Kesho yake watumishi wakamkuta njiani, akawauliza saa, kumbe homa ilitoka jana ile ile saa Yesu aliponena. Safari yote alikuwa baba wa mtoto mzima, na hajui.

Mpendwa, najua wengi hapa mnangoja simu. Majibu ya vipimo. Kazi iliyopotea mwaka jana. Sitakudanganya kwamba kila habari iliyo njiani ni njema. Mwaka 2016 chombo cha Ulaya, Schiaparelli, kilianguka kikavunjika kwenye Mirihi hiyo hiyo, na kilikuwa na watu wanaokingoja. Mimi niliomba juu ya babangu, na simu ikaja na jibu ambalo sikutaka. Jumapili iliyofuata nilihubiri nikiwa nimemkasirikia Mungu, hamkujua. Lakini ofisa yule alitoka Kana bila simu. Alikuwa na neno, akatembea nalo. Mimi pia ndilo nililobaki nalo pale kaburini.

Jumatano, baada ya ibada ya mchana, nitakuwa ofisini mpaka kafyu ikaribie. Kama kuna simu unayongoja, kuja tungoje pamoja.