Kamba Haizungushwi Mkononi

Katika michezo ya SHIMIWI, inayokutanisha watumishi wa wizara, idara za serikali na ofisi za mikoa Tanzania, kuvuta kamba huwa na mashabiki wake. Wanane upande huu, wanane upande ule, visigino vimezama udongoni. Walimu wa mchezo huo hawachoki kurudia onyo moja: kamba hushikwa kwa viganja, haizungushwi mkononi.

Palikuwa na karani mmoja aliyelipuuza. Yeye ndiye aliyekuwa mvutaji wa mwisho, na sifa hiyo ilikuwa imempanda kichwani. Jioni moja ya mazoezi viganja vilimtoka jasho, kamba ikawa inamponyoka. Akaizungusha mara mbili kwenye mkono wa kushoto. “Leo hainitoki,” akamwambia mwenzake. Filimbi ikalia. Kitambo kidogo alionekana shujaa. Mara wa mbele akateleza, timu ikayumba, wenzake saba wakaachia. Naye alitaka kuachia, ila kamba haikumwachia. Aliburutwa kifudifudi hadi wapinzani waliposikia ukelele wake. Nyuzi za katani zilikuwa zimezama kwenye nyama, na vidole viwili havikukunjuka tena.

Asiyeamini akumbuke Taipei, Oktoba 25, 1997. Watu zaidi ya 1,600 walikuwa wakivuta kamba moja ilipokatika, na wanaume wawili wakanyofolewa mikono ya kushoto. Madaktari waliiunganisha tena, lakini dunia ilijifunza kwamba kamba iliyokazwa haina masihara.

Karani wetu alikuwa pia mzee wa kanisa. Yeye na mdogo wake walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ekari mbili walizoachiwa na baba yao. Jumapili alimkabidhi Bwana jambo hilo kwa sala ndefu. Jumatatu alikwenda kukagua mpaka na kuhesabu migomba. Mchungaji alipokwenda kumjulia hali, aliitazama bandeji, akasema, “Pole sana, mzee. Hii kamba ya mkononi madaktari wameikata. Ile ya shambani atakukatia nani?”

Kisha akamsomea Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombania malisho. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwa desturi angechagua kwanza. Badala yake alimwachia mtoto wa ndugu yake achague, naye Lutu akachagua bonde la Yordani lenye maji tele. Lutu alikuja kutoka Sodoma, mji wa bonde hilo, mikono mitupu. Abramu, aliyeachia, ndiye aliyeahidiwa nchi yote iliyokuwa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo mazoezi yanapoifundisha imani. Mvutaji mzuri hutegemea miguu na mgongo. Vidole kazi yao ni kushika tu. Anayekamua kamba kwa vidole huchoka mikono mapema, na msuli usiopewa nafasi ya kulegea hukakamaa. Ndivyo alivyo Mkristo anayeomba huku ameng’ang’ania: anasema Mungu ndiye tegemeo lake, kumbe anavuta kwa vidole vyake mwenyewe. Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unamtaka mkimbiaji aweke kando kila mzigo kabla ya kupiga mbio. Hausemi mizigo mibaya peke yake. Hata haki yako inaweza kuwa mzigo, ukiizungusha mkononi.

Tusielewane vibaya. Kuachia si kumruhusu dhalimu ale cha yatima, wala imani haikatazi kupeleka shauri kwenye baraza la ardhi. Vuta, tena vuta kwa nguvu zote, ila mkono wako uweze kufunguka siku Bwana atakaposema basi. Kipimo chake ni chepesi: shauri likienda kinyume na ulivyotaka, je, utaweza kumsalimia ndugu yako?

Karani hakuweza. Alimsikiliza mchungaji, akaitikia amina, na mdogo wake hakupelekewa salamu. Ekari zile mbili leo ni pori, kwa kuwa kila mmoja anamzuia mwenzake kulima. Amepoteza vidole, shamba na ndugu, na katika vyote vitatu hakuna alichonyang’anywa na mtu.

Ndugu msomaji, kama kuna jina ambalo ukilisikia mkono wako unakunja ngumi, usingoje Jumapili. Mpigie simu leo.