Utohara wa Maji Magumu

Je, maji yanayoharibu birika la umeme yana kasoro ndani yake yenyewe, au kasoro hiyo huonekana kwa sababu tu binadamu ameyapima kwa chombo chake? Swali hili lina uzito wa pekee kisiwani Unguja, ambako maji mengi ya visima hutoka katika mwamba wa matumbawe, na ambako watu wale wale wanaolalamikia ukoko mweupe ndani ya mabirika yao hutawadha kwa maji hayo hayo.

Maji huitwa magumu yanapobeba kwa wingi kalsiamu na magnesiamu. Mvua huchukua gesi ya kaboni dioksaidi hewani, na zaidi udongoni, ikawa asidi dhaifu inayoyeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo njiani kuelekea kisimani. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja, na kwa kipimo kinachotumika sana, maji yanayozidi miligramu 180 huhesabiwa kuwa magumu mno. Yanapochemshwa, gesi ile huondoka, na jiwe lililokuwa limeyeyuka hurudi kuwa jiwe, likaganda juu ya koili. Ndiyo maana ugumu huu huitwa ugumu wa muda, tofauti na ugumu wa kudumu, ambao hutokana hasa na salfeti na hauondoki kwa kuchemsha. Kwa kuwa ukoko hupitisha joto kwa shida, maji huchelewa kuchemka huku koili yenyewe ikipata moto kupita kiasi kilichokusudiwa, hata mwishowe ikaungua. Matundu ya pasi ya mvuke huziba, na sabuni, badala ya kutoa povu, huungana na kalsiamu ikawa utando usioyeyuka unaofubaza nguo.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi miongoni mwa Waislamu wa mwambao, walijibu swali lililo jirani na hili karne nyingi kabla ya umeme. Kwao maji yanayofaa kwa udhu ni maji mutlaki, yaani yale yanayostahili kuitwa maji bila ya kufungamanishwa na neno jingine, kama isivyo kwa maji ya waridi. Yakibadilika mno rangi, ladha au harufu kwa kuchanganyika na kitu safi kinachoweza kuepukika, mathalani zafarani, hupoteza daraja hiyo. Lakini yakibadilishwa na kilichomo mahali yanapotulia au yanapopita, kama vile udongo au salfa, daraja yake haipungui hata kidogo. Hukumu hii hubeba hoja iliyo pana kuliko udhu, nayo ni kwamba kile ambacho maji huokota katika njia yake ya asili hakihesabiwi kuwa kigeni kwayo.

Bahari ndiyo ushahidi ulio mzito zaidi. Lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban miligramu 400 za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu, kiasi ambacho sabuni ya kawaida haiwezi kufanya kazi ndani yake na hita yoyote ya nyumbani ingeharibika upesi. Hata hivyo Mtume Muhammad, alipoulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, aliyahukumu kuwa yanatoharisha. Kwa hiyo utohara haukuwa kamwe kutokuwa na kitu ndani, kama maabara inavyoelewa usafi wa maji yaliyokenekwa.

Falsafa ya Aristotle hutofautisha dhati, yaani kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilivyo, na uhusiano, yaani sifa inayojitokeza pale tu kitu kinapowekwa mbele ya kingine. Madhara ya maji magumu ni ya namna ya pili, kwani katika mapango ya Amboni karibu na Tanga, chokaa ile ile, ikiachwa na maji yanayopoteza gesi yake tone kwa tone, imejenga mawe yanayoning'inia ambayo watu husafiri kwenda kuyatazama, na hakuna anayesema kuwa pango limeharibika.

Haifuati kutokana na haya kwamba mwenye nyumba aiache koili iungue. Israfu, yaani kupoteza mali pasipo haja, imekatazwa hata kama maji hayana hatia, na siki au ndimu huyeyusha ukoko kwa gharama ndogo. Vivyo hivyo kwa mtambo wa kulainisha maji, ambao hubadilishana kalsiamu na sodiamu kupitia chembechembe maalumu zinazooshwa kwa maji ya chumvi: maji yanayotoka humo hayabadiliki kiasi cha kupoteza jina la maji, hivyo hakuna sababu ya kuyatilia shaka katika udhu. Lenye kustahili shaka zaidi ni yale maji ya chumvi yaliyooshea mtambo, ambayo katika kisiwa chenye mwamba wa matundu hupenya kwa urahisi hadi kwenye kisima cha jirani.