Urithi wa Baba Zetu

Somo: 1 Wafalme 21:1-16



Nabothi alitakiwa na mfalme auze shamba lake la mizabibu, akakataa. Hakukataa kwa ukaidi. Alijua ya kuwa urithi wa baba zake ni amana ya waliokufa na ya watakaozaliwa.

Tazameni basi watu weusi wa kusini ya Marekani. Baba zao walifunguliwa utumwani mwaka 1865, na wengi wao wakajinunulia mashamba kwa jasho lao. Mwaka 1920 wakulima weusi wa nchi ile, wenye mashamba pamoja na wapangaji, walihesabiwa zaidi ya 900,000. Mwaka 2022 hawakufika 50,000. Wengine walinyang'anywa kwa nguvu na kwa hila, kama Nabothi. Lakini iko njia nyingine, nayo huanzia nyumbani. Mzee hufa pasipo kuandika wosia. Shamba huwa la watoto wote, kisha la wajukuu wote, pasipo kugawanywa. Mmoja akaaye mbali huuza fungu lake kwa mgeni. Mgeni huenda barazani, na shamba lote hunadiwa kwa bei ndogo. Hapo Ahabu hahitaji mashahidi wa uongo; ugomvi wa ndugu wamtosha.

Lakini Mungu hakuwaacha. Wako vijana waliorudi kutoka mijini kwenye mashamba ya babu zao. Hufyeka vichaka, hupanda kunde ili kuurudishia nguvu udongo uliochoshwa na pamba, kama George Washington Carver alivyofundisha zamani huko Tuskegee. Walakini kazi iliyo ngumu si ya jembe. Ni kuketi na shangazi na wajomba, kuyaandika majina ya warithi wote, na kupatana. Sheria nayo imeanza kuwasaidia: kielelezo kilichotungwa mwaka 2010, ambacho majimbo mengi yamekipokea, huwapa ndugu nafasi ya kulinunua kwanza fungu la yule atakaye shamba linadiwe.

Nasi tujiulize: je, Nabothi wa nyumbani mwetu yu salama? Mwenye shamba na aandike wosia angali hai, mbele ya mashahidi, wala asiwasahau binti zake, maana Mungu mwenyewe aliwapa haki binti za Selofehadi. Naye aliye na neno na ndugu yake, na aende wapatane kabla mvua hazijanyesha. Nchi ni ya Bwana; sisi tu mawakili, na hesabu itatakiwa.

Amina.