Miezi Tisa Katika Tumbo la Mama



Katika sala ya Nasadiki, tunapomtaja Bwana wetu Yezu Kristu, tunatamka mambo mawili yaliyo karibu karibu: kutungwa kwake mimba, na kuzaliwa kwake. Ulimi huyapita upesi, kama mtu arukaye kijito. Walakini kati ya neno la kwanza na la pili mna miezi tisa. Mungu angaliweza kumleta Mwanawe duniani akiwa mtu mzima, kama alivyomwumba Adamu. Hakupenda hivyo. Alimpitisha katika njia ile ile tuliyopita sisi sote. Basi leo tuitazame njia hiyo, tupate kujua namna ya kumheshimu mtoto asiyeonekana bado, pamoja na mama amchukuaye.

Kalenda ya Eklezya itatusaidia kuhesabu. Tarehe 25 Machi twaadhimisha Bikira Maria kupashwa habari na Malaika Gabrieli. Tarehe 25 Desemba ni Noeli. Injili haikutuandikia tarehe hizo. Ni Eklezya iliyozipanga hivi, na katikati ikaacha miezi tisa kamili. Kwa watu wote mtoto huanza kuwa pale mbegu ya baba inapoungana na yai la mama. Kwa Bwana wetu hapakuwa na baba wa kibinadamu, maana ilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini kukua kwake tumboni kulikuwa kama kukua kwetu.

Mwanzo wenyewe ni chembe moja, ndogo hata jicho huiona kwa shida. Ndani ya chembe hiyo mna urithi wa baba na wa mama, nusu kwa nusu. Na hapa nina neno kwa wanaume. Kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike, jambo hilo hutegemea mbegu ya baba, wala si yai la mama. Mume amtukanaye mkewe, ama amrudishaye kwao, kwa sababu amezaa wasichana watupu, anamshitaki mtu asiye na kesi.

Baada ya siku sita au saba chembe hizo, ambazo sasa zimekuwa nyingi, huanza kushika katika ukuta wa tumbo la uzazi, kama mbegu ishikavyo udongo. Tukihesabu tangu 25 Machi, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Marko, 25 Aprili, moyo umekwisha kuanza kupiga. Mtoto ni mdogo kama punje ya mchele, na mamaye pengine hajajua bado kwamba yu mjamzito. Mwisho wa mwezi wa tano ana urefu wa santimetri 5 hivi. Vidole vimeachana, viungo vyote vikubwa vimekwisha kupata mwanzo wake, naye anajongea, ila mama hasikii neno. Kabla ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, 15 Agosti, mama amekwisha kumsikia akicheza. Uzito wake ni karibu nusu kilo, na ncha za vidole vyake zina michoro isiyofanana na ya mtu mwingine awaye yote duniani.

Ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba, masikio yake yanasikia. Sauti aisikiayo zaidi ni ya mama, na akizaliwa ataijua kuliko sauti zote. Sauti za watu wa nyumbani pia humfikia. Siku ya Watakatifu Wote ana kilo 2 hivi. Majuma ya mwisho ni ya kunenepa na ya kukomaza mapafu. Ndiyo maana mtoto azaliwaye mapema sana hupata taabu ya kupumua.

Wanafunzi wangu wa darasa la tano waliniuliza: je, humo tumboni anapumuaje, hali ya kuwa yumo ndani ya maji? Ni swali la watu wenye akili. Hapumui kwa pua. Kitovu chake kimefungwa katika kondo la nyuma, lile litokalo baada ya mtoto. Hapo damu ya mama na damu ya mtoto hupita jirani pasipo kuchanganyika, kama wake wawili wenye ua mmoja katikati. Chakula na hewa safi huvuka kwenda kwa mtoto, na uchafu wake hurudi kwa mama. Lakini ua huo hauzuii kila kitu. Pombe huvuka. Sumu ya tumbaku huvuka. Na vijidudu vya malaria hujikusanya katika kondo lenyewe na kuzuia chakula, hata mtoto akazaliwa mwepesi, chini ya kilo mbili na nusu, na mwepesi huyo hufa kwa urahisi.

Twajua mfano wa kwetu. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, waganga wa hospitali walichunguza tangu miaka ya 1960 ugonjwa wa uvimbe wa shingo. Waliona kwamba udongo na vyakula vya huko vilipungukiwa dawa iitwayo iodi, na kwamba mihogo michungu isiyolowekwa vema iliongeza ubaya. Mama akikosa iodi, ubongo wa mtoto tumboni haukui sawasawa. Wengine walizaliwa viziwi, wengine wenye akili nzito. Watu walidhani ni laana ya ukoo. Kumbe upungufu huo huzuiwa kwa chumvi iliyotiwa iodi.

Sasa turudi kwa Bikira Maria. Mtakatifu Luka, katika sura yake ya kwanza, aeleza kwamba baada ya Malaika kuondoka, Maria alikwenda kwa haraka milimani kwa Elizabeti, aliyekuwa katika mwezi wa sita. Sikukuu ya safari hiyo twaifanya 31 Mei (zamani, mpaka mwaka 1969, ilikuwa 2 Julai), lakini ukifuata neno la Luka, siku zilizokuwa zimepita ni chache. Basi Bwana wetu, Maria alipobisha mlangoni, yawezekana alikuwa mdogo kuliko punje moja ya ulezi. Ndipo Yoane, angali tumboni mwa mamaye, akaruka kwa furaha. Mtoto asiyezaliwa alimpokea Mkombozi asiyezaliwa, kabla ya makuhani na wafalme.

Tena Luka asema Maria alikaa huko kama miezi mitatu. Sita na mitatu ni tisa. Hakuandikiwa kazi aliyoifanya, lakini nyumba ya mama mzee mwenye mimba kubwa twaijua: kuna maji ya kuteka na unga wa kusaga.

Je, kwetu ikoje? Naona njiani mama wa miezi minane, kamba ya mzigo wa kuni katika paji la uso, na mumewe ametangulia na fimbo. Nasikia wakwe wakimkataza mayai na samaki, ati ni desturi, wakati ule ule mtoto anapojenga nyama na mifupa. Mume mkristu achukue kuni mwenyewe, watu wacheke wakitaka. Ampeleke mkewe kupimwa mapema, si siku ya uchungu. Tangu mwezi wa nne mganga atampa vidonge vya kuzuia malaria, tena dawa ya kuongeza damu. Chandarua cha nyumba kiwe juu ya kitanda chake.

Na mimba ikiharibika? Hapo ndipo imani yetu hujaribiwa. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu urithi wa mtoto haukukaa sawa tangu chembe ile ya kwanza. Hakuna aliyeroga. Lakini mara huitwa mfumu, na mara jina la bibi kizee fulani, mjane asiye na mtetezi, latajwa. Kesho yake nyumba yake inawaka moto. Mkatekumeni awezaje kudai ubatizo mkono wake ukinuka moshi huo? Msiba wa mimba ni msiba kweli: mkae na mama, mlie naye, mwombe pamoja naye.

Maulizo ya kujibu nyumbani kabla ya somo la Jumapili, mume na mke pamoja: Katika kijiji chetu ni mama gani wajawazito sasa, na nani huwatekea maji? Ni vyakula gani wanavyokatazwa, na ni nani aliyevikataza? Mimba ya mwisho iliyoharibika hapa, watu walimtaja nani, nawe ulisema nini mbele yao?