Nyumba ya Makiri

Tunapenda kuhubiri Mefiboshethi mezani pa Daudi. Lakini kabla ya meza kulikuwa na nyumba. Mtu mzima, kiwete miguu yote miwili, alikaa kwa Makiri huko Lo-debari (2 Samweli 9).

Mpendwa, kuna mama katikati yetu, kijana wake ana miaka 30. Mwenye nyumba akiona tu kiti cha magurudumu, chumba "kimeshachukuliwa". Usiku anamgeuza peke yake, mgongo usiote vidonda. Sisi tunasema, "Tunakuombea." Amina, ombea! Lakini wewe mwenye ploti, huna chumba cha chini? Wewe mwenye gari, Jumanne ni kliniki.

Daudi alipomkimbia Absalomu, waliomletea vitanda na chakula, mmoja alikuwa Makiri yule yule (2 Samweli 17:27-29).