Damu ya Kristu na deni la jirani

Katika makanisa yetu huku Kivu, kwa Wakatoliki sawa kwa Waprotestanti, hakuna juma inayopita bila kutaja damu ya Yesu. Tunaiimba, tunaipokea katika kikombe, na katika vikundi vya maombi watu wanafunika nayo nyumba, safari, hata moto wa pikipiki. Hiyo ya pikipiki tuiache. Swali letu ni lingine: mtu aliyemwaga damu ya mwenzake, au aliyekula mali yake, akiisha kuoshwa kwa damu ya Kristu, je, deni lake kwa ule jirani limekufa?

Tunauliza juu tunasikiaka jibu hili: «Mimi nimeokoka, mambo ya zamani yamepita.» Na jamaa ya aliyekosewa inajibu kwa sauti ya chini: «Sawa, na ng'ombe yetu je?»

Mafundisho yenyewe yanajulikana. Walawi 17,11 inasema uhai wa mwili uko katika damu, ndiyo maana damu ilitolewa juu ya altare. Waebrania 9 na 10 inaonyesha kwamba damu ya wanyama haikuweza kuondoa zambi, na Kristu aliingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe. Halafu mwaka 1098 Anselmo alimaliza kitabu chake juu ya sababu ya Mungu kuwa mtu: zambi ni deni la heshima ya Mungu, na binadamu peke yake hawezi kulilipa. Mafundisho hayo yamezaa matunda. Lakini tuangalie vizuri: deni analosema ni lile la mtu mbele ya Mungu. Mwenye kupoteza ng'ombe hayumo katika hesabu ile.

Wazee wetu, wao, walijua damu kwanza kama kifungo. Kwa Bashi, na kwa Banyarwanda jirani zao, watu wawili waliweza kunywana: walichanjwa ngozi kidogo, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake. Toka siku ile shida ya mmoja ilikuwa shida ya mwingine, na mwenye kuvunja alijiletea laana. Padri Vincent Mulago, mtoto wa Bushi, aliona katika mapatano yale kitu kinachotayarisha njia ya ekaristia. Tunafikiri aliona vema, na hatujamaliza kumsikiliza.

Kwani damu inayofunga inaweza kunywewa pia kwa ujanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Stanley, mtumishi wa Léopold II, alichanjana na Ngaliema, mkubwa wa Kintambo. Kufika 1885 yule mfalme alikuwa bwana wa inchi nzima. Damu ilichanganyika kweli, lakini wajibu wake haukubebwa. Wakristu tunaokunywa kikombe kimoja na kuchukua shamba la mjane, tunapita wapi na Stanley?

Mtu atasema: basi mnataka tununue wokovu kwa mbuzi? Hapana. Msamaha wa Mungu ni bure, na damu ya Kristu haihitaji nyongeza. Lakini Zakayo (Luka 19) hakutumia neema kama kifutio. Wokovu uliingia nyumbani mwake, na yeye akaanza kuhesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kwa wale aliowaibia, mara ine. Na Matayo 5 inamwambia mtu aache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu. Wazee wa baraza wangeielewa hiyo bila katekista.

Kwa mauaji ya vita tangu 1996, tunakubali, hesabu inakuwa nguvu. Aliyeua mara nyingi hana jina, na jamaa ya marehemu iko kambini ao imetawanyika. Ng'ombe hata kumi hazitoshi. Lakini kuna mwenye kujua pale walipotupa maiti, na leo anapokea komunyo. Huyo anaweza kwenda kuonyesha kaburi. Kwa mama anayetafuta mifupa ya mtoto wake miaka yote hii, njo malipo ya kwanza anayongojea.